Siku Sita za Kuvua Viatu: Kutoka Nakuru hadi Kit Mikayi, Msitu wa Kakamega na Kaimosi

Nimerudi nyumbani Nakuru karibu wiki mbili sasa, na ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu na picha zilizo kwenye simu. Safari hii ilianza na mti.

Nyuma ya kanisa letu palikuwa na mugumo, mtini mkubwa wa porini. Waliojenga kanisa waliukuta pale, wakajenga kando yake. Watoto wa shule ya Jumapili walifundishwa kwenye kivuli chake, na siku za mazishi wafiwa walikalishwa chini yake wakisubiri jeneza. Mwezi wa Juni kamati ya maendeleo iliamua ukatwe. Sababu zilikuwa mbili. Mizizi ilikuwa imeanza kupasua ukuta wa vyoo, na kulikuwa na wazee wawili watatu wa mtaani waliokuwa wakija alfajiri kusimama chini yake wakiomba, wakielekea upande wa Mlima Kenya. Mjumbe mmoja akasema kanisa haliwezi kufuga madhabahu ya kienyeji uani. Hakuna aliyebisha. Katibu wa kamati ile ni mimi. Kumbukumbu za kikao niliziandika kwa mkono wangu: "Mti ukatwe kabla ya mwisho wa mwezi." Msumeno ulifanya kazi siku mbili, na kisiki kiliendelea kutoa utomvu mweupe kama maziwa hata baada ya mafundi kuondoka.

Roho haikutulia. Nikaomba ruhusa kazini, nikabeba Biblia, koti la mvua na shilingi 15,000, nikaamua kwenda kuona jinsi Wakristo wenzangu wa magharibi wanavyoishi na mahali ambapo wazee wao walipaita patakatifu.

Jumatano, 28 Agosti 2024: Nakuru hadi Kisumu

Nilifika steji saa moja asubuhi, gari likajaa saa mbili na robo. Nauli shilingi 900. Hadi Mau Summit ni lori nyuma ya lori, sina la kusimulia.

Tulipoacha barabara kuu na kushika ya Kericho, mtawa aliyekaa kando yangu alifunga rozari yake kwenye kitambaa, akanionyesha vilima kwa kidevu. "Nyinyi watu wa Nakuru, maji yenu yanatoka kwenye Mau hii." Ni kweli. Mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru unaanzia upande wa mashariki wa msitu wa Mau. Nimekaa Nakuru miaka 30, nimeona flamingo wakija na kuondoka, nimeona ziwa likifura hadi likameza lango la zamani la mbuga, na sijawahi hata siku moja kuuombea msitu unaotunywesha.

Nilimweleza habari ya mugumo. Hakunilaumu. Alinisimulia barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, *Laudato Si'*, kwamba jina lake limetoka kwenye wimbo wa Fransisko wa Asizi, ambaye aliliita jua kaka na maji dada. Nilimwambia wazi kwamba kwa malezi niliyopata, mtu akiliita jua kaka tunaanza kumwombea aokoke. Akanijibu kwa upole: "Fransisko hakuliomba jua, dada yangu. Alimsifu Mungu pamoja nalo." Aliposhuka Kericho aliniachia nusu ya hindi lake la kuchemsha, limefungwa kwenye ganda lake.

Kabla ya Ahero lori la miwa lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara. Tulikaa saa nzima na dakika ishirini. Vijana wa pale walitupitishia gari shambani kwa shilingi 20 kila abiria, na kwa jua lile hakuna aliyelalamika. Kisumu tuliingia saa tisa alasiri. Chumba safi chenye feni nilipata kwa 1,500. Jioni nikaenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nikala samaki aina ya ngege wa kukaanga kwa ugali na sukuma, 500, nikilitazama gugumaji lilivyotandaza kijani juu ya ziwa mpaka ungedhani mtu anaweza kutembea juu yake.

*Kwa atakayefuata: Kisumu mbu hawana huruma. Uliza chandarua kabla hujalipia chumba.*

Alhamisi, 29 Agosti: Kit Mikayi

Panda matatu za Bondo, kaa karibu na dereva, umwambie akushushe Kit Mikayi. Ni kilomita 30 hivi kutoka mjini, nililipa 150. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi wa miguu, lakini nilichukua boda kwa 50 kwa sababu ya mvua ya usiku.

Kijana wa boda alinifikisha langoni, akazima pikipiki, akakataa kuingia. Nilimuuliza kama anaogopa nyoka. Akasema pasta wake amewakataza, eti pale pana mapepo. "Nawaleta wageni, nawasubiri hapa. Ndani sijaingia tangu niokoke." Alizaliwa kijiji cha pili kutoka pale. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka daftari langu la kumbukumbu za vikao.

Mawe yenyewe ni makubwa kuliko picha zozote. Yamepandana kwenda juu, ukisimama chini shingo inauma kabla hujayamaliza. Mzee aliyenitembeza alinieleza maana ya jina: jiwe la mke wa kwanza. Palikuwa na mzee aliyeitwa Ngeso, aliyelipenda jiwe hili kiasi kwamba kila asubuhi alikuja kukaa pangoni hadi jioni. Mkewe akawa anamletea chakula huku. Watu wakimuuliza mume yuko wapi, anajibu: ameenda kwa mikayi wake. Mawe yenyewe mzee aliyapanga kama boma la Kijaluo, hili mikayi, hili nyachira mke wa pili, lile reru wa tatu. Mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha mila na desturi za mahali hapa miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mzee alilitaja jambo hilo kwa fahari, kisha akanyoosha kidole kunionyesha palipokuwa na miti na sasa ni mahindi.

Ndani ya mapango kuna giza la ubaridi. Ukuta una masizi ya mishumaa, nta imetiririka na kuganda juu ya jiwe kama kucha ndefu nyeupe. Nilisikia sauti kabla ya kuona mtu. Alikuwa mama mtu mzima, kanzu ya buluu, kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi, amepiga magoti kwenye mwamba. Viatu vyake, ndara za plastiki zilizoshonwa kwa uzi, alikuwa ameviacha mbali sana, pale njia inapoanza kupanda. Alikuwa Mlegio. Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960 huku huku Unyanza, na waumini wake wengi huja hapa kufunga na kuomba, wengine siku kadhaa.

Nilisubiri amalize. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka, maana swali lilikuwa limenikaa kooni tangu Juni: "Mama, mnaliomba jiwe?"

Alinitazama miguuni, sio usoni. Mimi nilikuwa na raba zangu zenye tope.

"Jiwe haliombwi. Tunamwomba Nyasaye, Mungu. Jiwe linanikinga upepo mshumaa usizime." Akanyamaza kidogo. "Lakini Nyasaye ndiye aliyeliweka. Mtu akikuwekea kiti nyumbani kwake, unakikalia na tope?"

Nikavua. Nakiri nilivua kwa haya kuliko kwa ibada. Mwamba ulikuwa baridi na umelainishwa na nyayo za watu wengi, na palikuwa na mkondo mwembamba wa maji yanayochuruzika kutoka juu, nikaukanyaga. Ndipo nikalikumbuka neno la Kutoka 3:5, neno ambalo nimelisikia likihubiriwa mara nyingi kuhusu wito wa Musa na sijawahi kulisikia likihubiriwa kuhusu mahali: "vua viatu vyako miguuni mwako, maana mahali hapo unaposimama ni nchi takatifu." Nchi. Palikuwa jangwani, penye kichaka na kondoo. Hekalu lilikuwa bado halijajengwa.

Mama yule alinikatia kipande cha mkate wake mkavu, akasema yeye bado amefunga, nile mimi.

*Kwa atakayefuata: lipa ada langoni, upewe risiti na mtu wa kukutembeza. Mawe yanateleza, fika asubuhi. Usipige picha watu wanaoomba. Na chupa ya plastiki uliyokuja nayo ondoka nayo. Watu wanachota maji pangoni, halafu chupa zilizopasuka zinabaki zimesongamana kwenye nyufa, na hilo liliniuma kuliko mishumaa.*

Ijumaa, 30 Agosti: Kisumu, Ilesi, Shinyalu

Matatu ya Kakamega, 250. Nilipita Khayega, nikashuka Ilesi kwanza kuona Jiwe Linalolia, mwamba mrefu uliobeba mwingine kichwani, na maji yakichuruzika usoni. Siku hiyo machozi yalikuwa mstari mwembamba tu. Mama muuza ndizi alisema zamani yalikuwa mengi, na lawama aliipa mikalitusi iliyopandwa kuzunguka. Nilikaa dakika ishirini nikarudi Khayega.

Khayega nilinunua mukombero, kifungu cha mizizi mitatu kwa shilingi 20. Ukiutafuna unaanza na uchungu kidogo, halafu utamu unaobaki mdomoni, hata maji yanageuka matamu. Nilitafuna njia nzima nikiwa nyuma ya boda kuelekea Shinyalu. Ushike huo mukombero akilini, nitaurudia.

Saa tisa mvua ikafunguka kama kawaida ya huku. Katikati ya mlima mnyororo wa boda ukakatika. Tulisukuma pikipiki hadi kwenye nyumba ya kwanza yenye veranda. Mwenye nyumba hakuuliza sisi ni nani. Alitoa viti, akawasha jiko la kuni, akatuwekea chai ya maziwa na viazi vitamu. Mvua haikukatika hadi magharibi, na tayari alikuwa amechinja kuku. Nilipojaribu kumpa pesa alizikunja akazirudisha kwenye mfuko wa koti langu mwenyewe, bila neno. Kabla ya kula aliomba, na ile sala ilianza na "Nyasaye". Jina lile lile la pangoni jana, kwa Waluhya, watu wa lugha nyingine kabisa. Waliotafsiri Biblia hawakuleta jina jipya. Walimkuta tayari anaitwa.

Nililala kwenye vibanda vya wageni karibu na Isecheno, kwenye Msitu wa Kakamega, 1,200, bila umeme usiku ule.

*Kwa atakayefuata: malizia safari zako kabla ya saa nane mchana. Njia za huku zikilowa ni sabuni.*

Jumamosi, 31 Agosti: ndani ya msitu

Mwongozaji, kijana wa kama miaka 28, alinigongea saa kumi na moja alfajiri. Tulipatana 800 kwa saa tatu, ikawa tano na hakuongeza bei, nikamwongezea mwenyewe.

Kwanza kilima cha Lirhanda kuona jua likichomoza. Kabla ya jua ulikuwa ni ukungu tu, mweupe, umejaa bonde lote, vilele vya miti vikitokeza kama visiwa. Halafu zikaanza sauti. Mbega walianza upande mmoja, ngurumo ya koo kama pikipiki inayokataa kuwaka, wakajibiwa upande wa pili, kisha wa tatu. Hondohondo wakapita juu yetu, mabawa yakivuma. Kijana akanieleza kwamba msitu huu ni jamaa ya misitu ya Kongo. Zamani ulishikana nayo kupitia Uganda, ukakatika, na huku Kenya ndio uliobaki wa aina hiyo.

Tuliposhuka kuingia chini ya miti, nilijiinamia nianze kuvua viatu. Baada ya Kit Mikayi niliona ndiyo heshima. Kijana akanishika mkono haraka: "La, mama, usivue. Siafu." Na kweli, hatua nne mbele walikuwa wakivuka njia, mkanda mweusi unaong'aa, upana wa vidole viwili, askari wamesimama pembeni taya wazi. Tukapiga hatua ndefu kuwaruka. Ndani ya msitu, kumbe, heshima ni kufunga kamba za viatu vizuri, kunyamaza, na kuwapisha waliotangulia.

Akanipeleka kwenye mugumo. Nilikuwa nimemwomba hivyo. Nilidhani naujua mti huu, kumbe nilikuwa najua kivuli chake tu. Mbegu yake huachwa na ndege juu kabisa, kwenye tawi la mti mwingine. Inaota huko hewani, inateremsha mizizi kama kamba hadi ardhini, mizizi inanenepa, inashikana, na baada ya miaka mingi mti uliobeba unakufa na kuoza ndani ya kumbatio lile. Ule tuliouona ulikuwa na uwazi katikati, unaingia na kutazama juu kama uko ndani ya mnara wa kanisa. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa ndani. Ulikuwa na unyevu, na mchwa mmoja mmoja walipita juu ya vidole vyangu bila kuniona kama mgeni. Juu, kima walikuwa wakila tini na kuangusha makapi, yakitua kwenye kofia yangu tap, tap.

Wangari Maathai alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, akimwambia huo ni mti wa Mungu. Alipokua na kusoma ndipo alipoelewa kwamba mizizi ile ilishikilia udongo wa mteremko na kuyapandisha maji ya chini hadi yakawa chemchemi, na mugumo ulipokatwa kijito chake kilikauka. Nililijua simulizi hilo miaka yote. Lilikuwa kichwani mwangu siku ya kikao, na kalamu ikaendelea kuandika.

Mbele kidogo kijana alisimama kwenye shimo lililochimbwa juzi, udongo mwekundu umetawanywa. "Mukombero," akasema. "Wanachimba mzizi wote, mmea unakufa." Nilikuwa na kipande kimebaki mfukoni. Kisha akanionyesha mti wa mwiritsa uliochunwa gome kuzunguka shina zima. Gome lake ni dawa, linatafutwa hadi ng'ambo kwa maradhi ya tezi dume, na mti ukichunwa mzunguko kamili hauponi.

Nikiwa bado na hasira hizo, tukakutana na akina mama sita wakitoka na mizigo ya kuni kichwani. Wana kibali cha mwezi, wanaruhusiwa kuni kavu tu. Walikuwa wakiimba tenzi kwa sauti ya chini. Mmoja aliutua mzigo apumzike, nikajaribu kuunyanyua kwa mikono miwili, ukanishinda. Ana wajukuu wanne. Nilimuuliza msitu kwake ni nini. "Ni jikoni," akasema, "na ni mahali ninapoomba nikiwa peke yangu. Nyumbani hakuna peke yako." Nimehubiriwa mengi kuhusu mazingira na watu wasiowahi kubeba kuni, na sidhani neno lolote la kuulinda msitu litasimama kama halikuanza na mama yule na wajukuu wake.

Mchana nilikunywa chai Rondo, nyumba ya mafungo ya Kikristo iliyo katikati ya msitu. Kulala ni ghali kwangu, chai inawezekana. Inasimuliwa kwamba nyumba ya kwanza ilijengwa mwaka 1948 na mwenye kiwanda cha mbao, na mkewe ndiye aliyetaka iwe chini ya mti mkubwa kuliko yote msituni, loliondo. Mume anaishi kwa msumeno, mke anachagua mti mmoja usiguswe. Nilikaa bustanini nikiwafikiria wale wawili.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nilisoma Kumbukumbu la Torati. Sura ya 12 ndiyo iliyotajwa kwenye kikao chetu, pale Israeli wanapoagizwa kubomoa mahali pa ibada za mataifa chini ya kila mti mbichi. Mtakatifu Bonifasi aliifuata njia hiyo hiyo karne ya 8 kule Ujerumani, akaukata mwaloni wa mungu wa ngurumo na mbao zake akajengea kanisa. Lakini sura ya 20 ya kitabu hicho hicho inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji wa adui. Na Ibrahimu, kwenye Mwanzo 21, alipanda mti huko Beer-sheba, akaliitia jina la Bwana hapo. Na Zakayo, ili amwone Yesu, alikwea juu ya mkuyu, ambao ni wa ukoo mmoja na mugumo. Amri ile ilihusu miungu mingine. Wale wazee wetu wa alfajiri walikuwa wakimwomba nani? Hakuna mjumbe aliyetoka nje kuwauliza. Sikutoka mimi pia.

Jumapili, 1 Septemba: Kaimosi

Boda hadi Khayega, matatu hadi Chavakali, nyingine za Kapsabet hadi Kaimosi. Jumla 400, na kusubiri kwingi kwa sababu Jumapili magari ni machache.

Kaimosi ndiko walikofika wamisionari watatu wa kanisa la Marafiki (Quakers) kutoka Marekani mwaka 1902, na sasa Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Walikuja na Biblia, na pia kiwanda cha mbao. Kipande cha msitu wa asili bado kipo, kimezungukwa na shule, hospitali na vyuo.

Tarehe 1 Septemba nilikuwa nimeichagua kwa makusudi. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli, kiongozi wa Waorthodoksi, aliitenga iwe siku ya kuombea uumbaji, na mwaka 2015 Papa Fransisko akaifanya hivyo kwa Wakatoliki. Ibadani haikutajwa. Ziliimbwa nyimbo, zikatolewa sadaka, likatolewa tangazo la harambee ya bati.

Baada ya ibada nilikaa nje na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwuliza kuhusu kijisitu kilichoonekana ng'ambo ya shamba la chai, kizito, cheusi, hakijaguswa. "Huko huendi," akasema, akitabasamu. Ni cha tohara ya vijana wa Kitiriki, na mwanamke haingii. Yeye mwenyewe alipitia pale akiwa mvulana, baba yake akiwa mzee wa kanisa. "Walikata msitu wote kuuza mbao. Hiki hakikukatwa kwa sababu kiliogopwa. Mimi nashukuru kiliogopwa, lakini ningependa Mkristo akiache kwa kupenda."

Nilimwambia ya mugumo wetu, yote, pamoja na kumbukumbu za kikao. Akafungua Biblia yake yenye karatasi zilizolegea, Mwanzo 2:15, mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Akaniambia maneno hayo mawili kwa Kiebrania ndiyo yale yale yanayotumika kwenye Hesabu 3 kuhusu kazi ya Walawi, kuitumikia na kuilinda hema ya kukutania. "Adamu alikuwa Mlawi kabla ya Lawi," akasema. "Bustani ndiyo ilikuwa hema. Sasa wewe katibu, mlipokata, mlikuwa mnasafisha hema au mnaibomoa?"

Sikuwa na jibu, na hakunidai jibu.

Mkewe alinilazimisha nilale kwao. Mgeni wa Jumapili, alisema, haachwi njiani. Kuku tena, mboga ya mrenda, na usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Juni. Ua la boma lao lote lilikuwa la migumo iliyo hai, vijiti vilivyochomekwa ardhini miaka mingi iliyopita vikashika, vikawa miti.

Jumatatu, 2 Septemba: kurudi

Asubuhi nilimkuta mke wa mzee uani na panga. Alikuwa amenikatia fimbo moja kutoka kwenye ua, urefu wa kwapa langu, unene wa kifundo cha mkono, amekata ncha ya chini mshazari na kuifunga kwa gunia lililoloweshwa. "Usiipande leo wala kesho," alisema. "Iache kivulini utomvu ukauke kwanza. Halafu chimba shimo refu."

Kaimosi hadi Kapsabet 150, Kapsabet hadi Eldoret 200, Eldoret hadi Nakuru 600. Fimbo niliilaza juu ya mapaja, ncha ikiwagusa watu magotini, nikiomba radhi kila kona. Eldoret kondakta alisema hiyo ni mzigo, nitailipia 50. Nikalipa.

"Kuni zako hizo, mama?"

"Ni za kanisa," nikamwambia.

Hadi leo fimbo iko kwenye ndoo ya udongo nyuma ya jikoni. Majani mawili yaliyokuwa juu yamekauka na kuanguka. Ukikwaruza gome kwa ukucha, chini yake bado ni kijani na panalowa. Nimemwandikia mwenyekiti kuomba nafasi kwenye ajenda, na safari hii nimewaomba wale wazee wa alfajiri waje nao. Kikao ni Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi.